Mikono Mitatu

Kazi yangu ni kufungua vitu vidogo. Nina kibanda cha kutengeneza simu Mwembe Tayari, kidogo hivi kwamba mteja akiingia mimi sina budi nivute pumzi, na siku ikiwa nzuri nafungua simu kumi kabla ya adhuhuri. Skrubu ya simu ni ndogo kuliko chembe ya mchele. Fundi aliyenifunza aliniambia siku ya kwanza: kufungua hata mtoto anaweza, ufundi uko kwenye kurudisha. Kwa hivyo kabla sijafungua chochote, napiga picha. Kila skrubu naiweka kwenye mkeka wa sumaku kwa mpangilio ilivyotoka. Sijawahi kubakiwa na skrubu mkononi. Sawa, mara moja. Lakini simu ile inafanya kazi hadi leo.

Nasema haya ili uelewe kwa nini Ami aliponipigia, Alhamisi moja mwaka 2022, nilidhani ni simu yake imeharibika.

"Ukifunga, ndoo kwangu," akasema. "Ndoo pekeyo."

Ami ni nduguye babangu, mkubwa wake. Anakaa Kibokoni, gorofa ya juu ya nyumba ya zamani ambayo ngazi zake ni za mbao na kila ngazi ina mlio wake. Chini amepangisha. Mkewe alifariki, watoto wako Jeddah na Nairobi, na sisi tuliobaki Mombasa tunapishana kumpelekea chakula bila kuonekana kwamba tunampelekea chakula. "Nimepika mkate wa sinia umezidi, Ami." Umezidi kila Ijumaa.

Kuingia Kibokoni jioni lazima upunguze mwendo. Tuktuk inakubana ukutani, mama wa viazi karai ameshateka nusu ya njia, na barazani wazee wamekaa na vikombe vyao vya kahawa chungu. Kila mmoja umwamkie. Ukimruka mmoja, habari itafika kwa mamako kabla wewe hujafika.

Nilipanda, nikabisha, akafungua. Nikamshika mkono kuubusu, kama kawaida, na mkono ukanigonga mdomoni. Haukuwa umenipiga. Ulikuwa ukitetemeka tu. Daktari alishautaja ugonjwa wenyewe kwa jina, Parkinson, lakini nyumbani hatulitaji. Twasema "ile baridi ya Ami", kana kwamba ipo siku jua litatoka limpate. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, na kifungo cha mkono wa kushoto kilikuwa wazi, kinaning'inia. Miezi kadhaa sasa vifungo vyake viko hivyo. Sote tumeviona. Hakuna aliyethubutu.

Mezani alikuwa ametandika gazeti, juu ya gazeti kipande cha shuka jeupe, na juu ya shuka vipande vya chuma cheusi.

"Ami, hiyo ni..."

"Ni bastola. Funga mlango."

*

Kwetu kila mtu alijua Ami ana bastola, kama vile kila mtu anavyojua nani ana sukari na nani ana deni. Halisemwi, lakini linajulikana. Zamani alikuwa na duka la dhahabu. Mwaka 1998 waliingia watu watatu saa ya kufunga, wakamfunga kwa waya wa pasi, wakabeba kila kilichokuwa kwenye kioo. Baada ya hapo akaomba leseni, akapewa, akanunua Walther PP, bastola ya Kijerumani. Aina hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1929 kwa ajili ya polisi. Ndugu yake mdogo, PPK, ndiyo ile ya James Bond. Sisi watoto tulipolijua hilo, Ami akapanda cheo machoni mwetu kwa miaka mitatu mizima.

Hakuwahi kumpiga mtu risasi. Aliibeba miaka ile ya duka, na duka lilipofungwa, ikahamia kwenye sefu ya chumbani. Watoto wake wakamuuliza ya nini tena. Akawajibu, "Siku ntakayoirudisha, jueni nimezeeka."

Alichofanya nayo ni kuisafisha. Watu wanadhani bunduki ni ya kufyatua. Kwa aliye nayo na hana ugomvi na mtu, bunduki ni ya kusafisha. Na kwetu hapa kazi hiyo haina likizo, maana hewa ya Mji wa Kale haipatani na chuma. Bahari iko hatua chache, upepo umejaa chumvi, nondo za madirisha zinamomonyoka kwa kutu, mpaka ile mizinga ya Ngome ya Yesu imekula chumvi ikashiba. Kitu cha chuma usichokigusa mwezi mmoja, mwezi wa pili hukijui. Basi kila mwezi, kwa miaka 24, Ami alifunga mlango, akatoa risasi, akaangalia chemba, akaangalia tena, akavunja bastola yake vipande, akaipangusa, akaitia mafuta, akairudisha. Hakuna aliyewahi kumwona akifanya hivyo.

Mwezi ule aliivunja, ikamshinda kurudisha. Nilipofika ilikuwa siku ya pili. Na Jumatatu ilikuwa aipeleke ikaguliwe, leseni ifanywe upya.

*

Nikavuta kiti, nikakunja mikono ya buibui. Kwa haki, nilifurahi. Vipande vinne! Mimi nafungua simu yenye vipande hamsini.

"Toa mikono," akasema Ami.

"Nataka tu kuona vile..."

"Ona kwa mato. Mikono iweke chini ya mapaja, uikalie."

Nilidhani ni mzaha. Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaikalia.

"Basi nipige picha, tuone..."

"Picha ya bastola kwenye simu yako?" Akaniangalia kama aliyeona nimevuka barabara bila kutazama. "Kwani we una wazimu?"

Hivyo ndivyo nilivyojikuta fundi nisiye na mikono, nisiye na picha, nisiye na mkeka wa sumaku. Nilichobaki nacho ni mdomo.

Ami ana majina yake kwa vile vipande. Kile kifuniko cha juu kinachoteleza hukiita paa. Ile duara inayokizunguka kifyatuo huiita pete. Mtutu ni mtutu, na kwenye bastola hii mtutu hautoki, umeshikamana na mwili. Springi ndefu inavaliwa juu ya mtutu, kama kidole kinavyovaa pete. Ni hivyo tu. Ukiitazama mezani, unasema hii hata dakika mbili haichukui.

Nikamwuliza: "Ukishavisha springi, unafanya nini?"

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akanyanyua mikono hewani, mitupu, akaanza kuipeleka kama anayefanya ile kazi, na mikono ikatetemeka, ikapotea njia. Akaishusha.

"Sijui," akasema. "Sikuwahi kuyajua kwa maneno."

Nilimwelewa mara moja, kwa sababu nami niko hivyo. Mteja akiniuliza nimefunguaje kioo chake, nasema "hivi" na kumwonyesha. Ujuzi uko kwenye vidole, haujawahi kupanda kichwani. Tofauti ni kwamba vidole vyangu bado vinanitii. Vyake viliondoka na kila kitu walichokuwa wamekabidhiwa.

Basi nikatoa mkono mmoja, kwa ruhusa, nikafungua YouTube. Tukampata mzee wa Kimarekani kwenye karakana yake, ndevu nyeupe, kikombe cha kahawa pembeni. Akairudisha kwa sekunde ishirini huku akizungumzia mambo mengine. Ami akataka tumtazame tena. Halafu tena.

"Huyu ana mikono mitatu," akasema.

Na kweli, ukitazama vizuri, kazi ile yataka mikono mitatu. Pete lazima ivutwe chini na kushikiliwa hapo, maana ikiachwa yarudi. Wakati huo huo paa lipite juu ya mtutu na kuimeza springi, na springi haitaki kumezwa, yasukuma. Wakati huo huo paa livutwe nyuma kabisa, lilaliwe mahali pake, ndipo liachiwe. Wenye mikono miwili wanadanganya kwa kidole kimoja hapa na dole gumba pale. Huo udanganyifu ndio ufundi wenyewe. Na ndio hasa ulioibiwa na ile baridi.

*

Tukaanza. Mimi nasema, yeye afanya.

"Springi ina upande mwembamba, Ami. Huo ndio utangulie."

"Huu?"

"Mwingine."

Ilivaa. Pete ikashuka. Akachukua paa, na paa likawa linagonga mtutu, tak tak tak tak, kama mtu abishaye mlango usiku. Nikasema taratibu. Akasema hii ndiyo taratibu yake. Paa likaingia nusu, pete ikamponyoka, tukarudi mwanzo.

Mara ya pili ikafika robo tatu.

Kati ya mara ya pili na ya tatu akaadhini Maghrib, akaenda kuswali, nikabaki peke yangu na vile vipande. Nakiri: nilitoa mikono yote miwili. Niliiweka mezani, pande mbili za shuka, bila kugusa. Nilikuwa nimeshaielewa. Nilijua dole gumba langu lingekaa wapi. Sekunde thelathini, pengine arubaini kwa kuwa ni mara ya kwanza, na yeye angetoka kwenye mswala akaikuta imekamilika, na tungekula, na Jumatatu angeenda. Nani angejua?

Nikasikia anatoa salamu. Nikaikalia mikono yangu.

Mara ya tatu stima ikapotea. Hapo hapo, paa likiwa limemeza springi karibu yote, giza. Nikasikia mlio kama wa gitaa iliyokatika waya, kisha kitu kikagonga kabati, kisha kimya.

"Springi," akasema Ami gizani.

Nikawasha tochi ya simu. Tukaitafuta juu ya kabati, nyuma ya redio, ndani ya sahani ya tende. Nikaiona mwisho chini ya kitanda cha samadari, karibu na ukuta.

"Iko wapi?"

"Kule ndani, Ami. Ngoja niingie niitoe."

"Mulika tu."

Akaanza kupiga magoti. Ami yangu, ambaye harusi zetu zote hazianzi mpaka afike, ambaye babangu mpaka kufa kwake hakuwahi kukaa kabla yeye hajakaa, alishika ukingo wa kitanda kwa mkono unaotetemeka, akashusha goti moja, akapumzika, akashusha la pili, akalala kifudifudi juu ya sakafu, akatia mkono chini ya kitanda. Ulifika nusu. Akajivuta. Ulikosa inchi tatu.

Sikuvumilia. Niliinama, nikaunyosha mkono wangu kupita wake.

Akaupiga.

Hakunipiga kwa nguvu. Nguvu zenyewe hana. Lakini Ami hajawahi kuninyanyulia mkono maisha yangu yote. Tukabaki pale sakafuni, sote wawili tumelala kama watoto wanaojificha, tochi ikimulika vumbi.

"Hata springi, Ami?" Sauti yangu ilikuwa ya kulia na sikupenda.

"Hata springi."

*

Aliniambia akiwa bado chini. Nadhani alihitaji kupumzika kabla ya kuinuka.

Desemba 2018 serikali iliamuru raia wote wenye leseni za silaha wahakikiwe upya ndani ya siku 90. Aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliivunja bodi ya leseni, na kila mwenye bastola, awe mbunge awe muuza dhahabu, akarudi kwenye foleni kuulizwa upya wewe ni nani na silaha ya nini. Ami naye alienda. Katika maswali aliyoulizwa, moja lilikuwa: nyumbani kwako, nani mwingine anaigusa?

"Nikasema hapana mtu. Na ilikuwa kweli. Kadi wanayokupa ni plastiki tu, mwanangu. Leseni yangu ni lile neno."

Halafu akasema jambo ambalo nilikuwa nalijua lakini sikuwahi kulisikia kutoka kwa mtu mzima wa kwetu.

"Mimi nikikutwa nayo, mimi ni mzee wa duka la dhahabu, nina kadi. Wewe ukikutwa na hii springi kwenye mkoba, kijana wa Mji wa Kale, na buibui lako, utawaambia nini? Kwamba wamsaidia amiyo?"

Ukikulia upande wetu huulizi anazungumzia nini. Tarehe 2 Februari 2014 polisi walivamia Msikiti Musa, Majengo, wakakamata watu zaidi ya 100, vijana wengi wao. Nilikuwa shuleni bado. Nakumbuka mama zetu wakihesabu wana wao kwa simu, nyumba hadi nyumba, usiku kucha. Kakangu tangu hapo ameshasimamishwa njiani mara ngapi sijui, akapekuliwa, akaambiwa ageuze mifuko. Bastola kwa sheria ya Kenya ni ya mtu mmoja, aliyeandikwa kwenye cheti. Yeyote mwingine akishikwa nayo, ana kesi. Kwa sheria sote ni sawa. Lakini sote hatukutani na sheria saa ile ile wala kona ile ile.

Kumbe hakuwa analinda bastola na mikono yangu. Alikuwa analinda mikono yangu na bastola.

"Sasa ulinitia nini, Ami, kama siwezi kugusa?"

Akakaa kimya. Nje wapita njia walikuwa wakimulika kwa simu zao, na vivuli vya nondo vikitembea ukutani.

"N'likuwa nataka mtu aone," akasema. "Kwamba nimejaribu."

*

Springi aliitoa mwenyewe, kwa fagio. Stima ikarudi. Hakujaribu mara ya nne. Alivikunja vipande ndani ya lile shuka, akavitia sefu, akaniambia nitengeneze chai. Tulipokuwa tukinywa akasema asubuhi angempigia ofisa anayehusika, amwambie anakuja, na anakuja na nini.

Tuliondoka saa tatu. Alibeba mkoba wake wa ngozi wa zamani wa dukani, ndani yake kopo la biskuti lenye vipande, na risasi zikiwa mbali kwenye bahasha yake. Alikataa tuktuk. Alitaka kutembea. Mimi nilitembea upande wa barabara, mikono mitupu, nikihisi kila mtu anaisikia springi ikigonga bati. Tukapita mbele ya Ngome, watalii wakipiga picha na mizinga. Ami akasimama kidogo kupumzika.

"Hii nayo," akasema, akiuelekezea kidevu mzinga mmoja, "hapana aliye na haja ya kuirudisha."

Kituoni, ofisa alikuwa mtu mzima, hana haraka. Alikunjua shuka juu ya meza, akaangalia vile vipande, akamwangalia Ami, akaangalia mikono ya Ami. Hakuuliza. Akavisha springi, akashusha pete, akapitisha paa, akavuta, klik. Hata hakutazama chini. Alikuwa akiuliza namba ya kitambulisho. Kitu kilichotushinda usiku mzima kilimchukua muda wa swali moja. Ami aliitazama mikono ile mpaka ilipomaliza. Macho yake hayakuwa ya wivu. Alikuwa kama mtu anayesikia wimbo aliokuwa akiuimba zamani.

"Ni safi," ofisa akasema akiigeuza. "Umeitunza, mzee."

"Miaka 24," akasema Ami.

Kisha ikaja karatasi ya kurudisha silaha, na hapo ndipo penye sahihi. Ami akashika kalamu. Karatasi ikawa inakimbia mezani, kalamu yaisukuma, yeye aifuata. Sahihi ya kwanza ilitoka kama njia ya siafu. Ofisa akailinganisha na ile ya kwenye kadi, akasema kwa upole kwamba hazifanani, na kama anaweza kujaribu tena.

Nikamtazama Ami. Akanitazama. Akatikisa kichwa: ndiyo.

Nikatoa mikono, nikaiweka juu ya karatasi, mmoja huku mmoja kule, nikaibana kwa nguvu zote kana kwamba upepo wa kusi ulikuwa ukivuma mle ndani. Yeye akaandika. Tulikuwa na mikono minne, na ilituchukua muda, lakini jina lilisomeka.

Tulipotoka, jua lilikuwa limeshapanda. Mkoba ulikuwa mwepesi, akawa haujui vizuri, anaubadilisha mkono huu na huu. Mlangoni mwa Kibokoni, pale njia inapoanza kuwa nyembamba na wazee wa baraza wanaanza kukuona, akasimama. Nikadhani amechoka.

Akaninyoshea mkono wa kushoto, ule wenye kifungo wazi.

"Hebu nifungie hiki," akasema, "kabla hatujawafikia wale."